Mchezo wa Chai Uliochezwa Hadi Mwisho

Ukitaka kuwajua wakubwa wa mji ule, ulikwenda karakana ya Meno. Juu ya rafu ya mbao, vinywa vyao vilikaa vimeachama kwa plasta, kila kimoja na pengo lake: hakimu, mwenye kiwanda cha sabuni, mkuu wa zimamoto, na mwenyekiti wa kamati ya mashindano ya sataranji. Nje walikuwa watu wa kuogopwa. Mle ndani walikuwa fizi tu.

Meno alikuwa fundi wa meno ya bandia. Madaktari walichukua sifa. Yeye alibaki na nta, plasta na lawama. Mteja alipoletwa kujaribishwa, alimkalisha kwenye kigoda na kumwambia, "Uma. Achia. Uma tena, taratibu, mheshimiwa, huyo si mshtakiwa." Kisha alisugua pale palipozidi, akapuliza vumbi, akarudia tena. Ni kazi ya mtu mvumilivu, anayeamini kwamba vitu viwili vilivyotengenezwa vikutane vitakutana pale pale, leo na kesho.

Lakini kila mwaka, mashindano yalipowadia, alifunga karakana, akavaa suti yake ya kijivu na kwenda kukaa nyuma ya kibao kilichoandikwa jina lake kamili, jina ambalo hata dada yake ilimbidi afikiri kidogo kabla ya kulikumbuka. Upande wa pili wa meza alikaa mtu aliyevuka bahari kuja kucheza naye. Meno hakuwa na gari, hakuwa na cheo, na mkewe alishafariki. Kiti kile ndicho alichokuwa nacho.

Mashindano yenyewe yalizaliwa kwa ajili ya daraja. Zamani, mto ulifurika ukabeba daraja la reli, wahandisi wanne wa kigeni wakakwama mjini hadi lijengwe upya. Hawakuijua lugha, karata hawakuzipenda, ikabidi washinde kwenye bwalo la klabu ya wafanyakazi wa reli wakicheza sataranji na mafundi wa mitambo, waliowafunga bila huruma. Mwaka uliofuata, daraja likiwa zima, wawili kati yao walirudi kwa hiari yao, jambo lililowashangaza wenyeji kuliko mafuriko. Katibu wa klabu, mtu wa maneno makubwa, akabandika tangazo mlangoni: Mashindano ya Kimataifa ya Kila Mwaka. Yalikuwa ya kimataifa kwa watu wawili, na ya kila mwaka kwa kukadiria. Kombe liliazimwa kutoka chama cha kuogelea na halikurudishwa. Hadi leo ukiligeuza utamwona muogeleaji amechongwa ubavuni, amejirusha kichwa mbele kuelekea jina la bingwa wa kwanza.

Basi yakashika. Yalichezwa mwaka wa mgomo, yakachezwa mwaka umeme ulipokatika wiki nzima na wachezaji wakasogezwa madirishani. Yakahama bwalo, yakaingia hotelini, kwenye ukumbi wenye zulia linalomeza nyayo. Mabingwa wakuu wakaanza kuja, na wapambe wao na chupa zao za maji. Meza, hata hivyo, hazikuongezwa. Kila mgeni mmoja alipoingia, mwenyeji mmoja alitoka kwa barua ya shukrani. Wenyeji walikuwa nusu, wakawa robo, na kwa miaka mingi sasa walikuwa wawili tu: Meno na shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani bila hodi na kuhakikisha kwamba kilo ni kilo. Watu walimwita Mkaguzi, na hata nyumbani kwake hakuwa na jina jingine. Ujanani alikuja kwa Meno kucheza sataranji, akaondoka na dada. Wakati ule dada huyo alikuwa akiwapikia wanaume hao wawili na kuwatazama ubaoni kupitia mlango wa jiko. Kaka yake ndiye aliyemfundisha jinsi farasi anavyoruka, alipokuwa mdogo, kisha akasahau kwamba alimfundisha.

Meno na Mkaguzi walikuwa na desturi yao. Walipokutanishwa kwenye mashindano, hawakucheza, walirudia. Ulikuwa mchezo mmoja, ule ule kila mwaka, hatua kwa hatua hadi sare. Wakipeana mikono, walikwenda zao mkahawani kunywa chai huku wenzao wakitoka jasho. Haikujalisha nani kapata nyeupe na nani nyeusi, kwani kila mmoja alizijua pande zote mbili kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni kwake gizani. Watazamaji waliuita Chai. Wapo waliozitaja hatua kabla hazijachezwa, kwa sauti ya chini, kama wanaofuatisha wimbo. Bingwa mkuu mmoja wa kigeni aliwahi kuuliza kama ile ni ibada. Sheria za mchezo hazikuupenda mpango huo, ila mwamuzi naye alikuwa mpenzi wa chai.

Ndipo ukaja mwaka ninaousimulia. Kwenye hafla ya ufunguzi, mwenyekiti alisimama, akakohoa, akasema kwamba ili kulinda hadhi ya mashindano, kuanzia mwakani mwenyeji atakuwa mmoja tu: yule atakayemaliza juu ya mwenzake mwaka huu. Akawageukia wawili hao akawatabasamia kwa moyo mkunjufu, na kwa meno ambayo Meno mwenyewe aliyasugua. Kura ya kupanga michezo ikapigwa. Mchezo wa wenyeji ukaangukia siku ya mwisho, nyeupe ikamwangukia Mkaguzi.

Jioni ile Mkaguzi alikwenda karakana. Alisimama mbele ya rafu ya vinywa, mikono nyuma, kama anayekagua duka.

"Shemeji, wametugonganisha makusudi," alisema.

"Wanataka tuchinjane, wao wapige picha."

"Tusiwape raha hiyo. Sisi kwa sisi tucheze Chai, kama siku zote. Huko kwa wageni kila mtu apambane na hali yake. Atakayevuna zaidi, kiti chake. Mwingine atakuja kukaa nyuma apige makofi."

"Nikikuzidi hutanuna?"

"Mimi? Ninune?" Mkaguzi akacheka. "Nitakubebea koti."

"Na mdogo wangu atasemaje?"

"Dada yako atapata mume nyumbani kwa mara ya kwanza. Atakuombea ushinde."

Wakapeana mikono juu ya meza ya kazi. Vumbi la plasta likabaki kwenye kiganja cha Mkaguzi, akalipangusa kwa leso, kidole baada ya kidole.

Mashindano yakaenda kama yanavyokwenda siku zote: wageni wakagombea kombe, wenyeji wakagombea wasiaibike. Mkaguzi alipata sare tatu. Meno naye alipata mbili, kisha akamfunga bingwa mmoja kijana aliyekuja na mafua na dharau. Ukumbi ulipiga makofi hadi mwamuzi akanyoosha kidole. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya mwisho hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu, hata kwa wahudumu: Meno alikuwa mbele, na Chai ikichezwa kama kawaida, kiti ni chake. Aliingia ukumbini na suti imepigwa pasi. Akapitia mkahawani kwanza, akamwambia mhudumu, "Vikombe viwili, anza kuchemsha. Cha shemeji usiweke sukari."

Wakaanza. Mkaguzi akasogeza, Meno akasogeza, saa ikagongwa huku na kule. Nyuma kulikuwa na watu wao wakinong'ona hatua inayofuata. Meno hakuwa anatazama ubao. Ni nani anayetazama ngazi za nyumbani kwake? Alikuwa amegeuza shingo kuangalia meza ya jirani, ambako mabingwa wawili walikuwa wamefungana vibaya. Akasikia Mkaguzi anagonga saa. Bila kugeuka vizuri, akanyoosha mkono, akamsukuma askari wake wa pembeni hatua moja mbele, kama alivyomsukuma mwaka jana na mwaka juzi, akagonga saa.

Kunong'ona kulikuwa kumekoma.

Meno akageuka. Farasi mweupe hakuwa pale alipopaswa kuwa. Alikuwa amekula askari aliyesimama mbele ya mfalme mweusi, amekaa pale pale mlangoni, na Meno alikuwa ametoka kumjibu kwa kusogeza kiaskari huko pembezoni. Mtu mmoja nyuma aliguna, wa pili akacheka kwa pua, kisha akajutia.

"Shemeji," Meno akanong'ona, "umekosea. Hapo anakwenda askofu."

Mkaguzi hakuinua macho. "Najua anapokwenda askofu."

"Tulikubaliana."

"Saa yangu inatembea, shemeji. Tafadhali."

Meno akainua mkono kumwita mwamuzi. Mwamuzi akaja kwa mwendo wa taratibu, akainama.

"Tulikuwa na makubaliano," Meno akamwambia.

Mwamuzi akatazama ubao, akamtazama Meno, akiwa na huruma ya mtu aliyevaa beji. "Sheria inataka wachezaji wacheze," alisema. "Ninavyoona mimi, mmoja wenu ameanza kucheza."

Meno alipambana, kwa maana kwamba aliendelea kukaa. Malkia mweupe akaingia, ngome ikafuata, na kabla mabingwa wa jirani hawajafunguana, Meno alimlaza mfalme wake, amekubali kushindwa. Mkaguzi alinyoosha mkono. Meno aliutazama kwa muda, akaushika, kwa kuwa sheria inataka hivyo. Mkahawani chai ya vikombe viwili ilikuwa tayari. Hakuna aliyeifuata.

Wiki nzima Meno alikaa karakana akijitibu kwa hoja moja tu. Kila aliyeingia alimsikia: alifungwa kwa sababu hakutazama. Ulikuwa wizi wa mfukoni, haukuwa mchezo. Angetazama, angemla yule farasi, na Mkaguzi angelia mbele ya watu. Hoja ilikuwa nzuri. Aliisugua kila siku mpaka ikakaa vizuri kinywani.

Jumapili dada yake alimwita. Alimwambia kwamba Mkaguzi katoka, aje wazungumze kama watoto wa mama mmoja. Meno alikwenda. Alikuta chakula kimefunikwa mezani, na dada yuko jikoni akimpa mgongo, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kaka, ni mchezo tu," alianza.

"Kwa asiyecheza ni mchezo tu."

"Mnakula meza moja miaka yote hii."

"Ndiyo maana sikutazama! Ningekuwa na mtu baki ningetazama. Tena ningetazama ningemla yule farasi, mumeo angetafuta pa kujificha."

"Ukimla, malkia anaingia pembeni," dada akasema, akiendelea kusugua.

"Aingie. Namziba na askofu."

"Ngome inamla askofu. Ukiila ngome, yule farasi wa pili anaruka katikati, na mfalme hana pa kwenda. Usipoila, unakufa polepole." Akasuuza sufuria. "Polepole ndiyo ingekuwa mbaya zaidi."

Meno aliifuata njia hiyo kichwani, hatua kwa hatua, akiwa amesimama katikati ya jiko la watu. Malkia aliingia. Ngome ikala. Farasi akaruka. Akairudia kutoka mwanzo, akitafuta mahali padogo pa kusugua, na hakupaona. Ilikuwa sawasawa. Wakati huo ndipo alipomtazama dada yake, aliyekuwa ameacha kusuuza, sufuria mkononi.

"Nani kakufundisha hiyo?"

Dada akaanza tena kuisugua sufuria.

"Mdogo wangu. Mumeo hawezi kuona mbali hivyo. Nimecheza naye nusu ya umri wangu, namjua anapoishia."

"Siku ile alipotoka kwako," dada akasema, "alikuja akapanga ubao hapo mezani. Akaniuliza kama kuna tundu kwenye Chai."

"Siku ile? Mkono wangu bado haujapoa mkononi mwake?"

"Alikuwa bado na vumbi lako kwenye kucha."

"Na wewe ukamtafutia tundu."

"Sikulitafuta. Nililiona zamani, kaka. Mwaka wa pili au wa tatu mlipokuwa mnaurudia hapa nyumbani, mnacheka. Mlikuwa mnapita juu yake kila mwaka."

Meno akakaa kwenye kiti cha jikoni, kile kifupi cha kumenyea viazi. Kwa miaka yote hiyo, basi, hakuwa ameponea kwa urafiki wala kwa ustadi. Aliponea kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa na vyombo vya kuosha.

"Kura ingeniangukia mimi nyeupe," akauliza, "ungenionyesha mimi?"

Dada aliweka sufuria chini. Alifikiri kweli, na hilo ndilo lililomuuma Meno kuliko jibu lolote.

"Ungeniuliza?" akasema mwisho. "Tangu unifundishe hujawahi kuniuliza kitu cha ubaoni hata siku moja. Yeye aliniuliza."

"Aliuliza ili anichinje."

"Najua. Lakini aliuliza."

Meno akainuka. Akavaa viatu bila kufunga kamba. "Mumeo mwambie asinitafute. Mwakani akae kwenye kiti, apige picha. Sitakuja kukaa nyuma kupiga makofi."

"Na mimi je?"

Meno akageuka mlangoni. "Wewe ungekuja ukanifunga mwenyewe, mchana, mbele ya watu," alisema, "ningekupa mkono na ningemaanisha."

Akatoka. Uani alimkuta Mkaguzi, ambaye hakuwa ametoka kokote, amesimama kando ya ndoo akisubiri mambo yapoe. Akampisha kwa adabu zote, akainamisha kichwa.

"Shemeji," alisema.

Meno akampita bila kugeuza shingo, akaenda zake.