Breka ya Taa kwenye Msumeno

Shangazi yangu ni fundi umeme wa viwandani, na watu wengi hawampendi. Sitasema uongo, hapendeki. Ukimsalimia akiwa ameshika tesita yake ya kupimia umeme anakujibu kwa nyusi. Muuza vifaa vya umeme akimwona mlangoni humnong'oneza mwenzake, "Mkaguzi huyo," kwa sababu shangazi hanunui kitu mpaka asome maandishi madogo ya ubavuni, na waya anaukwangua kwa kisu aone kama ni shaba mpaka ndani. "Shaba ya kupaka," husema, na kuurusha juu ya kaunta.

Baba ni mdogo wake. Umeme alifundishwa naye, halafu wakagombana, na mwaka wa nne huu hawasalimiani. Shangazi humwita "yule." Baba humwita "Bibi Najua."

Kwenye kiwanda cha mbao ninakojaza maranda kwenye magunia, msumeno mkubwa ulikuwa hauwaki. Ukibonyeza, unanguruma kidogo, kisha breka, ile swichi inayolinda waya, inakata umeme. Shangazi akaitwa. Akaangalia, akaandika karatasi, akampa msimamizi. Msimamizi akaisoma akacheka.

"Mama, mbona umeandika breka ya ampea thelathini na mbili? Si ndiyo hiyo hiyo iliyotushinda?"

"Namba inafuata unene wa waya. Mimi nimebadilisha aina. Hiyo mliyoweka ni ya taa. Mota ikianza inavuta umeme kwa kishindo, kisha inatulia. Breka ya taa haivumilii kishindo, ya mota inavumilia."

"Mimi nataka kubwa. Sitini na tatu."

"Basi nunua na waya mkubwa."

"Waya upo."

"Haya. Na zimamoto wapo."

Akafukuzwa palepale. Mchana wake akaletwa baba. Baba hakuuliza mengi. Akafunga sitini na tatu, na ovalodi, kile kidude kinachozima mota ikilemewa, akakizungusha hadi mwisho kisisumbue. Msumeno ukawaka mara moja. Wanaume wakapiga makofi, na baba akapita mbele yetu kifua mbele kama jogoo aliyewika mvua ikanyesha.

Sikupiga makofi. Waya ni ule ule mwembamba, na unapita ukutani nyuma ya maranda, na maranda yanatufika kiunoni. Jioni nikamwambia shangazi. Aliendelea kusugua sufuria.

Kesho yake saa nne msumeno ulisimamishwa ubadilishwe meno. Shangazi akaingia bila kubisha, akashusha meni swichi inayokata umeme wote wa msumeno, akaipachika kufuli lake jekundu. Kwenye kazi hiyo aliyefunga ndiye anayefungua. Hata mwenye kiwanda hakati kufuli la fundi.

Msimamizi alikuja anakimbia. "Wewe mwanamke, wewe si fundi wetu!"

"Niitie fundi wenu."

Baba akaja, jasho linamtoka.

"Fungua."

"Salamu ni bure."

"Shikamoo. Haya, fungua."

Aliitema ile shikamoo kama mbegu ya limau.

"Marahaba," akasema shangazi. "Shika waya wako."

"Siamrishwi na wewe."

"Unaogopa?"

Baba akaubana waya unaotoka kwenye boksi la umeme kwa kidole gumba, kwa hasira, ili yaishe. Ulikuwa umefanya kazi tangu asubuhi. Alipoondoa kidole, alama ilibaki kwenye plastiki kama umebonyeza mshumaa uliosahaulika juani. Akakitazama kidole chake. Akaubonyeza tena, mbele kidogo. Alama ikabaki tena.

Msimamizi hakuona, au hakutaka kuona. Akafungua daftari la ukaguzi. "Fundi, tia saini hapa kwamba kazi ni salama. Huyu nitamwitia askari."

Baba akachukua peni. Nilikuwa nimesimama na gunia mkononi, na wenzangu watatu nyuma yangu, vumbi mpaka kwenye kope. Akatuangalia mara moja tu.

"Peni haiandiki," akasema.

"Inaandika!" Msimamizi akachora mstari kiganjani mwake. "Hii hapa!"

"Basi andika wewe."

Msimamizi akaanza kutukana: familia nzima ya wendawazimu, dada mchawi, kaka mwoga, tokeni wote. Baba akafungua boksi la umeme, akachomoa breka ya sitini na tatu, akaitia mfukoni. "Hii yangu." Akalaza ncha za nyaya, akazifunga tepu, akafunga boksi. Hapo ndipo shangazi alipotoa kufuli lake.

"Ovalodi unaizungusha hadi mwisho kama bomba la maji," akamwambia mgongoni.

"Nyamaza."

Getini shangazi akashika kushoto, baba kulia. Hakuna aliyeaga. Usiku baba hakula, na mimi akaniambia nisitie mguu kwa shangazi yangu tena. Nilikwenda tu.

Siku ya tatu msumeno bado umelala. Wamekuja mafundi wawili wengine, kila mmoja anabonyeza waya, anakohoa, anakumbuka ana kazi mahali. Nikiwa kwa shangazi, dereva wa kiwanda akabisha hodi na boksi la breka mpya.

"Msimamizi anauliza kama hizi ni sawa."

Shangazi hakulipokea. Aliinamisha kichwa, akasoma ubavuni.

"Za taa," akasema. "Rudisha. Na mwambie aje mwenyewe."

Akamfungia mlango.