Wingu Lisilochomoza

Siku ya mafunzo niliikimbia ofisi yangu ya chuo nikaenda kwa wazazi wangu, Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, na sababu ilikuwa woga tu. Mafunzo, ya kuandika maombi ya darubini, yalikuwa kwa njia ya mtandao, ningeweza kuyafuata palepale mezani pangu. Lakini ofisini tulikaa wanne, na sikutaka hata mmoja wao anisikie nikiulizwa swali nikakosa jibu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa nasomea udaktari wa elimu ya nyota, na nilihitaji muda wa darubini ya redio, safu ya madishi makubwa iliyoko jangwani, juu milimani, upande wa kusini wa dunia. Huendi huko mwenyewe. Unaandika ombi, unaeleza unataka isikilize sehemu gani ya anga na kwa nini, halafu jopo la wataalamu linaamua. Waombaji ni wengi, saa ni chache. Msimamizi wangu alikuwa ameniambia waziwazi kwamba nikikosa safari hii, itabidi nitafute mada nyingine nianze upya. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa kesho yake. Mimi nilikuwa nimeshatuma wiki nzima kabla, kama mtoto mwema anayetaka kusifiwa.

Mama alikuwa zamu hospitalini, Flemingsberg. Baba alikuwa amerudi kutoka Kista, alikokuwa akisafisha ofisi tangu alfajiri, naye alikuwa jikoni akipika sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Hedifoni zangu ziligoma, basi ikabidi kila neno litoke kwenye spika. Niliufunga mlango wa chumba, nikajikaza kisabuni.

Mwalimu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, ambaye sikuwahi kumwona ana kwa ana. Alitaka kila mmoja wetu aonyeshe ombi lake kwenye skrini, aulizwe maswali kama yale ya jopo. Waliotangulia waliulizwa, wakacheka, wakakubali makosa yao, wakaandika.

Zamu yangu ilipofika alitaka kujua kwa nini nimechagua wingu lile. Nilikuwa nimekariri jibu: ni wingu la gesi lililo mbali kaskazini, si mbali sana na nyota ya ncha ya kaskazini, na ndani yake nyota changa zinazaliwa. Akaniuliza kama nina hakika kwamba darubini ile inaliona. Nikasema nina hakika. Akanionyesha mchoro wa kimo cha kila lengo letu angani, saa kwa saa. Kwa wenzangu mstari ulipanda na kushuka kama kilima. Wangu ulilala chini ya upeo wa macho tangu asubuhi hadi asubuhi. Kule kusini wingu langu halichomozi, si leo, si mwakani.

Nielewe nilivyokosea. Nilizaliwa Bukavu, hatua chache kutoka ikweta, ambako karibu kila nyota ya mbinguni hupita juu ya paa lako siku moja au nyingine. Nikakulia Stockholm, ambako wingu lile halitui kabisa. Nilisoma vitabuni kwamba ziko nyota zisizochomoza, na mtihani wake nilifaulu, lakini moyoni sikuwahi kuliamini jambo hilo.

Mtu mwingine angesema samahani, nimekosea. Mwalimu aliponiuliza tena, kwa upole uleule, nilijibu tena kwamba nina hakika.

Tulipofika Sweden nikiwa mdogo, kabla ya mahojiano ya ukimbizi, baba alituketisha kitandani akatufundisha sheria moja. Ulilolisema kwanza ndilo hilo hilo mpaka mwisho. Ukilibadilisha watasema familia nzima ni waongo, na waongo hurudishwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yule mama wa watu alikuwa ananisaidia, na mimi nilisikia afisa aliyekaa nyuma ya meza na mkalimani pembeni yake.

Mlango ukafunguka. Baba alisimama pale na mwiko mkononi. Kiingereza hakijui, lakini swali linalorudiwa polepole analijua katika lugha yoyote. Alinitazama, akatikisa kichwa: usibadilishe. Nikasema kwa mara ya tatu kwamba nina hakika.

"Ombi linaweza kubadilishwa mpaka dakika ya mwisho," mwalimu akasema. "Ukituma jipya, la zamani linafutika. Jopo halitajua hata kwamba lilikuwepo."

Kisha akamwita mwingine.

Mchana ule wote nilitafuta wingu jingine, la kusini, nikaandika upya. Jioni ombi lilikuwa tayari, na bado sikuthubutu kubonyeza. Niliona kabisa jopo limeyaweka maombi yangu mawili ubavu kwa ubavu, wakiulizana ni lipi la uongo. Baba alikuja akaketi kitandani. Nilimweleza kila kitu, na kwamba nisipotuma ombi jipya itabidi nianze masomo upya.

"Na ile ya kwanza, banaiweka wapi?" akauliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu.

"Banaifuta, papa."

"Na habakuulizi juu ya nini ulibadilisha?"

"Habaulizi."

Nikabonyeza, nikafumba macho kama mtu aliyeiba.

Nilipoyafumbua, baba alikuwa anaikodolea macho kamera ya kompyuta. Aliniuliza kama wale watu bado wanatusikia. Nikamwambia waliondoka zamani. Aliniomba niizime hata hivyo, nikaizima.

"Mama yangu hakukufa mu mwezi wa tatu," akasema. "Ilikuwa mwezi wa kumi."

Bibi yangu alifia njiani tulipokuwa tunakimbia. Siku ya mahojiano baba alikuwa amechoka, akataja mwezi usio wenyewe, ukaandikwa. Aligundua akiwa kwenye treni ya kurudi, akaogopa kurudi kusema. Nasi tulikuwa wadogo, tukaamini. Kila mwaka, mwezi wa tatu, tulimsomeshea bibi misa, na ndugu walitoka hata Norway kuja kusali nasi.

Nilimwambia sasa tuna uraia, padre ataubadilisha tu mwezi wa misa, hataulizia. Baba akasema atafikiri.

Muda wa darubini nilipewa. Mwezi wa tatu tulikwenda misa na ndugu wote, baba akaimba kama kawaida. Mwezi wa kumi alinipigia simu, tukaenda kanisani sisi wawili, tukakaa benchi la nyuma. Padre alipotuuliza tunamwombea nani, baba alisema hakuna, tumepita tu.