Nilimwambia Baba Mashine Imemkataa

Admin, nifiche vizuri tafadhali, kwa sababu watu wa kwetu Matulo wanafuata hii page na wana macho. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, nauza viatu vya mitumba hapa Kitale. Wenye matusi watukane, mradi wasome mpaka mwisho.

Baba yangu ametengeneza matofali maisha yake yote. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hivyo mikono iliyonipikia uji ndiyo ilikuwa inakanda udongo. Udongo na moto wa tanuri umekula vidole vyake mpaka ncha ni laini kabisa, hazina mistari. Sikuwahi kuvifikiria vidole hivyo hadi siku ya uchaguzi uliopita.

Wakati huo sikuwa nimeolewa, nilikuwa bado nyumbani, nikapata kazi ya karani wa uchaguzi. Nikapewa ile mashine ya kutambua wapiga kura. Mtu anaweka kidole, picha yake inatokea, anaenda kuchukua karatasi za kura. Kwenye mafunzo tulielezwa wazi kwamba kidole kikikataa unajaribu vingine, na vyote vikikataa unamtafuta mtu kwa nambari ya kitambulisho, msimamizi wa kituo anajaza fomu mbele ya maajenti wa vyama, basi anapiga kura. Si jambo kubwa. Asubuhi hiyo nyanya wawili walikuwa wamepita kwa fomu hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyemwita msimamizi.

Baba alifika saa nne, amevaa koti lake la kanisa. Nilikuwa nimemsikia huko kwa foleni akijigamba ati msichana wake ndiye ako kwa mashine. Akaweka kidole gumba, ikakataa. Tukajaribu cha shahada, ikakataa. Akaenda akanawa kwa mfereji wa shule ile iliyokuwa kituo chetu, na sabuni, akajipangusa kwa koti, akarudi. Tukajaribu vyote kumi.

Hapo ndipo ajenti mmoja akasema kwa sauti, "Huyo si ni babake? Sasa mtaona vile watu hupitishwa hapa." Mtu wa ukoo wetu alikuwa anagombea udiwani, na kampeni zilikuwa moto. Wenzake wakacheka. Niliona aibu, nikaogopa kufutwa kazi mbele ya kijiji kizima. Nilitaka wajue kwamba mimi sina upendeleo.

Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee, mashine imekukataa. Hakuna kitu naweza kufanya. Mwingine."

"Jaribu tena, mama," Baba akasema. Huwa ananiita mama, nimechukua jina la mamake.

"Nimejaribu. Mwingine!"

Akaangalia vidole vyake, akasema, "Kama ni sheria, ni sheria," akatoka. Msimamizi alikuwa kwa chumba cha pili, hata hakujua. Wiki hiyo yote kila mtu alitembea na wino kwa kidole, Baba akatembea na mkono mfukoni.

Jioni nilipofika nyumbani nilimdanganya. Nilimwambia, "Baba, ile mashine ni mbovu. Nilikupigania hadi nikachoka." Akanishukuru. Afadhali angenichapa.

Uongo wangu ukazaa. Baba ni mtu wa kuheshimiwa, na kila matanga aliyoenda alisimulia vile mashine za kura hukataa mikono ya kazi. Siku hizi maafisa wa uchaguzi wamekuja tena kuandikisha wapiga kura, na nasikia wazee kadhaa wa kwetu wamekataa kutoka nyumbani. Wanasema, kama ilimkataa yule mwenye msichana ndani, sisi je? Mimi mwenyewe nimekaa kwenye mazungumzo hayo nikitikisa kichwa kama mwenye uchungu. Sisemi mashine hizo hazina shida, zinakataa vidole kweli. Lakini aliyemfukuza Baba ni mimi.

Sasa majuzi Baba alianguka kwa tanuri. Nilitoka Kitale na nguo nilizovaa, nikamkuta hospitali huko Bungoma. Figo zimechoka. Muuguzi akaja na kamashine kadogo ka kusajili wagonjwa, akamwomba kidole ndio aanze matibabu makubwa. Baba akaficha mikono yote miwili chini ya blanketi.

"Hiyo kitu ilishasema mimi si mtu," akasema. "Mnirudishe nyumbani nikafie kwangu."

Muuguzi akamwambia kwa upole, "Mzee, kidole kikikataa si mwisho. Kuna fomu tunajaza tu."

Baba akacheka, kile kicheko cha mtu anayeona anadanganywa. Akanishika mkono akamwambia muuguzi, "Msichana, usinidanganye. Kungekuwa na fomu, huyu mtoto wangu angenijazia. Alinipigania huyu, hata hujui."

Nilitoka nje nikasimama kwa ukuta nikalia mpaka mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani.

Leo ni siku ya nne na bado anaficha mikono. Daktari amesema tusikawie. Nikimwambia ukweli, pengine atatoa kidole, atatibiwa. Lakini atajua kwamba mtu pekee anayeamini alisimama naye siku ile ndiye aliyemwambia "mwingine." Sijui kama moyo wake utaweza. Nikinyamaza, ataenda akinishukuru.

Nitarudi wodini saa za kuona wagonjwa, saa sita. Nyinyi mnaojua kuongea na wazazi, niambieni mapema, nikishaketi kando ya kile kitanda nianze na neno gani?