Alifungua telefone yangu, akachukua sauti ya marehemu mama

Jambo kwenu wote wa page hii. Admin, tafadhali jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka trente et un (31), ninaishi Goma, lakini wazazi wangu ni watu wa Butembo. Nilifunga ndoa kanisani, Mungu hajatupa mutoto. Ninauza viatu na nguo pale mtaa wa Mabanga, na mara nyingi ninaenda Bunagana, mpakani, kuchukua mali. Bwana yangu anafanya kazi ya ordinateur, zile kompyuta, kwenye biro, mambo ya telefone anayajua sana.

Mama yangu alikufa Butembo mwaka jana. Barabara ilikuwa imefungwa, sikufika kwenye maziko, hata kaburi sijaliona. Telefone yake ilipotea kwenye matanga, nilichobaki nacho ni audio zake. Hakujua kuandika, kwa hiyo kila asubuhi alinitumia sauti: ananisalimia, ananigombeza juu sikumujibu jana, mara nyingine anaongea huku anafukuza kuku kwenye unga wa mihogo. Nilikuwa ninazisikiliza kila nikifungua duka.

Siku moja bwana yangu aliniomba telefone, akasema anataka kuhamisha picha za arusi kwenye ordinateur yake. Nikamupa, na code nikamwambia, nikaenda sokoni. Niliporudi telefone ilikuwa kama mupya: hakuna picha, hakuna namba za watu, hakuna audio hata moja. Alisema mise à jour, ile programu mpya ya telefone, ilijileta yenyewe ikaharibu kila kitu. Nilikaa chini nikalia kuliko ile siku waliyonipigia kunipa habari ya kifo. Yeye alinikumbatia, akanipangusa machozi, akasema mama atabaki ndani ya roho yangu. Nilimushukuru. Nataka mujue hiyo: nilimushukuru.

Kuanzia hapo, kila nilipowasha telefone yalitokea kwanza maandishi ya kuonya, ati telefone hii si ya kuaminiwa tena. Akasema ni ile mise à jour. Halafu application ya kutuma pesa ikakataa kufunguka. Na mimi nikaanza kuona kwamba bwana yangu anajua mambo ambayo sikumwambia. Nilikuwa nimemupigia dada yangu, nikamwambia kwamba ninaogopa kukaa na bwana yangu, na nikipata chumba nitaondoka. Kesho yake tulikuwa tunakula, mama mukwe alikuwepo. Bwana yangu akamega fufu, akaniuliza polepole kabisa, "Chumba ulipata, ama bado unatafuta?" Mukono wangu ulibaki ndani ya sahani.

Nilipeleka telefone kwa fundi mmoja wa Mabanga. Alinieleza kwamba kuna kufuli ambayo kiwanda kinaweka chini kabisa ya telefone, wanaiita bootloader. Mutu akiifungua, telefone inajifuta yote, na zile vitu hazirudi tena. Haijifungui yenyewe, lazima mutu akubali. Kisha huyo mutu aliiruti, ni kusema alijifanya mukubwa wa telefone kuliko mimi mwenyewe, na akaficha ndani kitu cha kumutumia maongezi yangu na kila mahali ninapopita.

Nilimuuliza bwana yangu. Nilifikiri atakana. Akanijibu bila hata kuinuka kwenye kiti, "Nilijua itafuta. Telefone inauliza mbele kama unakubali, oui ama non. Nikafinya oui."

Nilikusanya nguo zangu nikaenda kwa kaka yangu, upande wa Lac Vert, pembeni ya Goma, mahali baba yetu naye anaishi tangu alipofika kutoka Butembo kiisha kifo cha mama. Bwana yangu akaanza kutangaza parokiani na kwa wakwe kwamba nimefuata mwanaume Bunagana. Ndani ya miezi yote aliyonisikiliza hakupata mwanaume. Alipata tu kwamba ninamuogopa, na hiyo hawezi kuwaambia watu.

Kisha akanipigia. Nikaweka haut-parleur, sauti isikike nje, ili baba awe shahidi, nikafikiri anaomba musamaha. Ikatoka sauti ya mama, ananiita kwa jina la utotoni. Ikakatwa. Ndipo akasema kwamba alizikopia zote kwenye ordinateur kabla ya kufuta, na atanipa, ila kwanza nisimame mbele ya familia zote mbili nikubali kwamba nilikuwa na mwanaume. Nisipofanya hivyo, atazifuta. "Unajua mimi ninaweza," akasema.

Kaka yangu anakataza. Anasema mutu kama huyo atanidanganya hata nikisema, na duka langu litakufa, juu hakuna mama atakayetaka kununua kwa mwanamuke wa sifa hiyo. Mimi pia nilikuwa nimeamua kukataa.

Lakini baba. Telefone yake ni ile ndogo ya kufinya, haikuwahi kupokea audio, na zangu zilifutwa kabla sijamusikilizisha. Tangu mama afe hakuwa amesikia sauti yake, mpaka ile siku bwana yangu alipopiga. Tulipobaki sisi wawili alinishika mukono, akasema, "Mutoto wangu, sema tu. Mimi ninajua ni uongo, Mungu naye anajua. Niko muzee. Nataka kumusikia bibi yangu, mama yako, mbele ya kufa."

Nilimwambia, "Papa, wataniita malaya." Akasema watu wanasahau. Kutoka hapo haniongeleshi. Anauliza watoto wa kaka tu kama bwana yangu amepiga tena.

Familia zitakutana dimanche hii, Jumapili, kiisha misa. Bwana yangu nilimusamehe mengi, yeye sasa simulilii. Ninalia juu baba yangu anajua mimi ni safi, na bado ananiomba nijichafue. Nikikataa, kila siku nitamuangalia usoni nikijua nimemunyima. Nikikubali, sijui kama nitaweza kumuangalia tena.

Ndugu zangu, bila matusi, munielekeze: niseme, ama ninyamaze?