Kiingereza cha Makaburini

Mwenzangu, nimerudi Sanyuanli, huku kwa Wachina, kununua mikoba, lakini safari hii nilikuwa na agizo la mama lililonikaa rohoni: nitafute kaburi la baba. Kwanza nilipita chini ya jengo tulilokaa nikiwa na miaka tisa. Wamelipaka rangi mpya, ila harufu ya gundi na ngozi ya bandia ni ile ile.

Siku zile baba alikuwa akileta mikoba kutoka viwanda vya Shiling, sebule inajaa marobota, nasi tunalala katikati yake. Mchana kutwa utasikia selotepu ikivutwa, kraa, kraa. Mama anakaanga maandazi, mimi nakata nyuzi zilizochomoza kwenye mishono. Jioni navuka ukumbi kwa jirani, mwalimu mstaafu wa Unguja aliyemfuata mwanawe huku, anifundishe Kiingereza. Alikuwa na kamusi kuukuu isiyo na jalada, na mzee yule, jamani, alipenda maneno yaliyokufa kuliko yanayosemwa! Baba akimtania, "Mwalimu, mfundishe mtoto Kiingereza cha kuuzia mikoba, si cha makaburini."

Jioni moja akaniandikisha neno relict. Zamani, akasema, Waingereza walimwita hivyo mjane. Kwenye mawe ya makaburi yao waliandika relict wa fulani, wakataja jina la mume. Maana yake aliyebaki. Siku hizi hakuna anayemwita mtu hivyo. Nikaandika, nikacheka, nikaenda kula.

Haukupita mwezi, baba akaanguka ghafla Shiling akipakia mzigo. Wanaume wakamzika. Mama akaingia eda ndani, ya miezi minne na siku kumi, pazia limefungwa, kila siku anatia kokwa moja ya tende koponi kuzihesabu siku. Alisema akitoka tu, kwanza ataliona kaburi. Lakini viza yake ilitegemea ya baba. Mwezi wa tatu akaambiwa aondoke nchini.

Lo, wanawake wa jengo waligombana! Hawa wanasema kizuka, mjane aliye edani, hatoki, wale wanasema ni dharura. Mwalimu akamwambia, "Nenda, mwanangu. Mungu anaona." Mama alimwomba dereva wa teksi apitie makaburini, akakataa, ndege itatuacha. Njia nzima alijifunika uso, kopo lake kalipakata. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo.

Mwalimu naye alishakufa, na kamusi yake sijui kaichukua nani. Majirani wote wametawanyika.

Jana nikaenda makaburini. Mlinzi akapekua daftari lake. "Meiyou," akasema kwa Kichina, hakuna. Akanionyesha barabara mpya. Safu za upande ule zilihamishwa, wenye maiti wao wakaja kuwachukua. Sisi nani alitutafuta? Nililia pale kama mtoto. Ndipo nilipomkumbuka mwalimu na neno lake. Wazungu wale walikuwa na jiwe, mke akatajwa chini ya jina la mume. Baba yangu hana jiwe wala safu. Amebakiwa na mama tu, na mama amezeeka.

Simu ikalia, ni yeye.

"Umemkuta baba yako?"

"Nimemkuta, mama."

"Pasafi?"

"Pasafi."

"Alhamdulillahi," akasema, sauti imemchangamka kama msichana. "Basi safari ijayo tunakuja wote."