Pongezi za Tumbo la Mama Mdogo

Mama mdogo anashona sare za shule, na mimi, tangu diploma inishinde katikati, namsaidia vifungo. Mkono wake hauna mchezo: mtoto anaweza kuacha shule, kama mimi, kabla mshono wake haujaachia. Mwaka jana alikatwa titi la kushoto, akapewa vidonge vya kuzuia homoni, kimoja kila siku kwa miaka mitano. Alivimeza bila kelele.

Halafu siku zake zikakatika miezi mitatu mfululizo, tumbo likaanza kujaa. Nilimkuta anafumua gauni lake kiunoni, na kwa huu mdomo wangu usio na breki nikamuuliza kama tumshonee mgeni nepi. Fundi wa cherehani ya pili, tunayemwita Redio, akasikia. Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa unatoa pongezi.

Mama mdogo hakukana. Ana miaka thelathini na tisa, hana mtoto, na daktari alishamwonya asishike mimba akiwa kwenye vidonge. Nilidhani anaona haya. Kumbe alikuwa ameshajihukumu kwamba saratani imehamia tumboni. Aliniambia tukiwa kwenye benchi la kliniki.

"Niache niitwe mjamzito kidogo, mwanangu. Ni jina zuri kuliko lile lingine."



Mkojo ulipimwa, mimba hakuna. Picha ya tumbo ikaonyesha vifuko vya maji kwenye ovari zote mbili. Daktari alieleza polepole kwamba kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, vidonge vile vinaweza kuleta hali hiyo, na kwamba havikuonekana kuwa saratani. Angeweza kuendelea na vidonge na kupigwa picha tena baada ya miezi mitatu, au kuanza sindano ya kila mwezi ya kuzilaza ovari. Mama mdogo akauliza kitu kimoja tu: zikilazwa, zitaamka? Daktari alisema mara nyingi huamka, ila kwa umri wake hawezi kuahidi.

Akachagua kusubiri picha.

Tuliporudi, Redio alikuwa ameweka kitambaa cheupe, laini, cha nepi, juu ya cherehani yake.

"Si mimba, shoga," mama mdogo alimwambia. "Ni vile vidonge. Nilikuacha uamini kwa sababu nilipenda kusikia."

Redio akanyoosha mkono akichukue kitambaa chake, aondoe aibu. Mama mdogo akakiwekea kiganja.

"Kiache. Sijasema sikitaki."