Firigisi ya Mgeni wa Theluji

Nilimleta nyumbani mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa ofisi ya meli bandarini Durban, naye alikuwa fundi mitambo wa meli ya Norwei iliyokwama ikisubiri kipuri. Aliwahi kufanya kazi Tanga, na Kiswahili kilimtoka bila kujikwaa. Nikamkaribisha kwangu, mtaa wa Sydenham, chakula cha Jumapili. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mke wangu alimuuliza kwao kukoje. Basi mgeni akaanza kusimulia kilima cha kijijini kwao, ambako watu hufunga mbao ndefu miguuni, huteremka kwenye theluji kwa kasi na kuruka hewani. Babu zao walikijenga kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa magogo na mtu wa kuyabeba. Upepo uliangusha mnara wa kurukia, wakajenga mwingine mrefu zaidi. Mke wangu ni Mpare, na kwao kazi ya kijiji kizima huitwa hivyo hivyo. Kusikia kwamba Wazungu nao wana msaragambo, alisahau wali mdomoni. Mimi nilishamsimulia bandari nzima, makontena na makuli, na hakuwahi kusahau hata chumvi.

"Hebu endelea, shemeji," alimwambia.

Halafu akachota firigisi ya kuku, ambayo tangu tuoane haikuwahi kukosea njia ya sahani yangu, akamwekea yeye. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka. Wamesema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakusema apone kwa njaa. Nikaona nimkate maringo, nikamuuliza yeye mwenyewe aliruka umbali gani.

Akaweka kijiko chini.

"Sijawahi kuruka. Niliogopa. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga theluji ishikane, wenzangu waruke."

Akaeleza kwamba siku hizi theluji ni haba, vijana wamehamia kilima kikubwa cha mjini, na miti imeota pale watu walipokuwa wakitua. Baba yake tu, mzee kabisa, ndiye anayepanda kila majira ya baridi kukanyaga, peke yake.

Laiti angejisifu. Mwenye majivuno ningemweza. Huyu, mke wangu, machozi yakimlengalenga, alimwongezea na paja.

Meli ikaondoka. Jumapili iliyofuata firigisi ilirudi kwenye sahani yangu, nikaitafuna polepole, nikijiona mwenye nyumba. Mke wangu alikuwa anatazama dirishani, joto la Durban likitutoa jasho sote wawili.

"Sijui yule mzee," akasema, "mwaka huu amepata theluji?"